Namna ya Kutoa Ushuhuda Bila Kumjeruhi Mtu, Hasa Wewe Mwenyewe

Mtumishi, hongera kwa kupangiwa nafasi. Dakika kumi za kipaza sauti, baada ya kwaya ya vijana na kabla ya neno kuu, si haba. Wengi wamezipata wakaziharibu kwa kutojua kanuni. Wapo waliosimama wakasema kweli tupu, kanisa likawa kimya, mpiga kinanda akakosa pa kuweka vidole, na watu wakarudi nyumbani wakijiuliza maswali. Mwongozo huu umeandikwa ili hayo yasikukute. Utakufaa kwa ushuhuda, kwa visa vya mahubiri, kwa tafakari ya jumuiya, hata kwa kumtembelea mgonjwa wodini, maana kanuni ya kote ni moja: hadithi ikishatoka mdomoni mwako, isirudi kwako.

Tuanze na dhambi. Bila dhambi hakuna ushuhuda, lakini si kila dhambi inafaa. Pombe ndiyo bora kuliko zote. Ina harufu, ina mtaro wa kuangukia, ina mke anayelia, inachekesha kidogo, na kila mtu anaona tofauti ya jana na leo. Waganga wa kienyeji nao ni wazuri, hasa ukiwa na hirizi ya kuchoma mbele ya watu. Uasherati utumie kwa kiasi, tena kwa lugha ya jumla. "Niliishi maisha machafu" inatosha, na kanisa litajaza lenyewe mapengo kwa furaha. Ila kuna dhambi ambazo hazijawahi kupanda madhabahuni, na usiwe wewe wa kwanza kuzipandisha: mshahara wa dada wa kazi uliolala miezi mitatu, mpaka wa shamba uliosogea usiku mmoja, rambirambi zilizopitia mikononi mwako zikamfikia mjane zimekonda. Hizo hazina muziki.

Halafu dhambi iwe ya zamani. Kama wote wanaoijua wamekufa au wamehamia mkoa mwingine, imeiva. Hapa Augustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa kwenye pwani ya Algeria ya leo, alitutilia mchanga kitumbua. Alipoandika Maungamo yake, kati ya mwaka 397 na 400 hivi, alikuwa tayari mtu mwenye kiti na jina. Alianza vizuri. Wizi wa mapeari alioufanya akiwa na miaka 16, pamoja na wenzake, usiku, mapeari yenyewe wakawatupia nguruwe, ni dhambi ya kupigiwa mfano: ndogo, ya ujana, na mwenye mti hajulikani. Angeishia hapo angekuwa mwalimu wetu. Lakini akifika kitabu cha kumi, kati ya vitabu kumi na vitatu, anaacha ya jana na kuanza kueleza yanayomsumbua siku hizo hizo akiwa askofu: ndoto zake, namna chakula kinavyomzidi ujanja, na jinsi anavyopenda kusifiwa. Kupenda kusifiwa! Askofu anawaambia watu kwamba wakimsifu moyo wake unafura, na kwamba hana uhakika atapona. Hebu fikiria ibada ya Jumapili inayofuata.

Wa kuogopwa zaidi, hata hivyo, ni wazee wetu wa Uamsho, kwa kuwa hao si wa mbali. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi pale Namirembe, Kampala. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ulioanzia Gahini ukaingia Uganda, ukavuka hadi Bukoba na Kenya, na wimbo wa Tukutendereza ukaimbwa kwa Kiganda hata na watu ambao hawakuwa na neno jingine la Kiganda. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ni desturi mbili walizokuwa nazo wale ndugu.

Ya kwanza, hawakushibishwa na ushuhuda wa mwaka ule. Ukisimama katika ushirika wao ukaeleza ulivyookoka zamani, watakusikiliza, kisha watataka habari za wiki hii: nyumbani kukoje, na yule ndugu mliyekwaruzana naye umeshamwendea? Waliita kutembea nuruni. Ya pili ni mbaya zaidi: walirudisha. Mtu akikiri kwamba aliiba, siku chache baadaye yuko mlangoni kwa mwajiri wake na kitu alichochukua, au kwa jirani na mnyama wa fidia. Ushuhuda wa namna hiyo unakula mtaji. Tena hauna adabu ya vyeo. Mwaka 1941 pale Mukono, chuo cha theolojia cha Askofu Tucker kiliwafukuza wanafunzi zaidi ya ishirini, William Nagenda akiwamo, walioshikilia kuamka alfajiri kuomba na kuhubiri, na kutaja waziwazi dhambi walizoziona chuoni mwenyewe. Chuo cha kuandaa wachungaji kikaona heri kukosa wachungaji. Jifunze hapo.

Ushirika wa namna hiyo bado upo, kwa hiyo kabla ya kuanza tupa jicho. Ukimwona mama mzee amekaa pembeni, Biblia yake imeshonwa gamba upya kwa uzi, anakutazama moja kwa moja wala hasemi "amina", punguza chumvi.

Sasa ufundi wa jukwaani. Mpiga kinanda aambiwe mapema: taratibu ukifika kwa mama mzazi, kwa nguvu ukifika kwa ndoto. Na pale unapohisi hadithi inaanza kuwaingia watu, sema, "Mgeukie jirani yako, mwambie: jirani, ni zamu yako!" Watu wengi hudhani maneno haya ni ya kuchangamsha ibada. Yana kazi kubwa kuliko hiyo. Mtu aliyeambiwa amgeukie jirani, kwa wakati huo hawezi kujigeukia mwenyewe.

Kwenye visa vya mahubiri, mfalme ni tai. Unamjua. Akifika miaka 40 mdomo umepinda, kucha zimelegea, manyoya yamekuwa mazito. Anapanda mlimani, anaugonga mdomo kwenye mwamba mpaka ung'oke, ukiota mpya anang'olea kucha, kucha mpya zinang'olea manyoya, na baada ya siku 150 anaruka akiwa kijana, na miaka 30 ya nyongeza mfukoni. Wataalamu wa ndege watakuambia kwamba tai asiye na mdomo hali, kwamba ndege asiyekula miezi mitano huwa mzoga, na kwamba tai wa porini kuifikisha hiyo 40 ni bahati ya mtende. Yasikubabaishe. Isaya 40 na Zaburi ya 103 zimemtaja tai, basi. Mlima, mwamba na siku 150 vimekuja kwa WhatsApp. Uzuri wake tai huyu ni kwamba anapita katika toba nzima, na damu juu, bila kuwa amemkosea mtu yeyote. Hana mke, hana deni, hana mfanyakazi. Toba ya tai inaweza kuhubiriwa mbele ya mtu yeyote.

Tai wa pili, yule aliyelelewa na kuku mpaka akajiona kuku, ana mwenyewe. Ni James Aggrey wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliyepita Afrika Mashariki mwaka 1924 pamoja na tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Aliisimulia kuwaambia Waafrika, wakati wa ukoloni, kwamba waliumbwa kuwa tai. Sisi tumeipangia kazi ya kuombea watu wapandishwe vyeo. Usimtaje Aggrey, sema ilitokea kwa jirani wa babu yako.

Siku yenye wageni wa heshima, hasa siku ya harambee ya jengo, weka tai pembeni utumie lango. Injili inasimulia kwamba Yesu alisema ni rahisi ngamia kupenya tundu la sindano kuliko tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu, na wanafunzi wakashangaa mno. Ukiliacha hivyo, mgeni rasmi ataondoka na bahasha yake. Kwa hiyo eleza kwamba Yerusalemu palikuwa na lango dogo lililoitwa Tundu la Sindano, ngamia akipiga magoti na kutuliwa mzigo alipita bila shida. Lango hilo hakuna aliyelichimbua, na maelezo yake yanajitokeza karne nyingi baada ya Injili kuandikwa. Lakini angalia kazi linayofanya! Jambo lililowashangaza mitume limegeuka suala la maegesho. Tajiri anapiga magoti dakika mbili, mzigo unawekwa chini, anapita, na upande wa pili anaubeba tena. Weka lango hili karibu na ile kamba aliyofungwa kuhani mkuu mguuni ili akifa patakatifu avutwe nje, ambayo Biblia haiitaji popote, na wewe utakuwa umekamilika kwa msimu mzima wa semina.

Kuna suala la mwelekeo, na hapa naomba uwe makini. Hadithi za mimbarini zina mteremko: hutoka juu kwenda chini. Mwizi katika kisa awe dada wa kazi, bodaboda au kijana aliyekataa kusoma. Mvivu awe maskini. Msengenyaji awe mwanamke, na ikiwezekana awe jikoni. Mweka hazina wa kanisa haingii katika kisa chochote, na mchungaji huingia kama mtu aliyepigiwa simu usiku wa manane akaenda.

Nabii Nathani alivuruga mteremko huu. Aliingia kwa Daudi, mfalme, mtu ambaye angeweza kumfunga, akamsimulia habari za tajiri mwenye mifugo tele aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja, aliyekuwa akila naye na kulala kifuani pake. Hakutanguliza somo. Hakusema, "Wapendwa, leo tutajifunza mambo matatu kuhusu uzinzi." Alisimulia akanyamaza, na Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu mwenyewe: mtu yule anastahili kufa, na kondoo alipwe mara nne. Ndipo Nathani akamwonyesha mtu huyo ni nani. Utaratibu huu ni wa hatari kwa ajira. Wewe taja somo kwanza, kisa baadaye, na ukimaliza kisa rudia somo. Msikilizaji akishajua mapema tajiri ni nani, hatakasirika bure.

Kisa cha mtu aliye hai kinahitaji siri, na siri hutunzwa hivi: "Kuna dada mmoja humu humu kanisani, jina silitaji, alikuja ofisini Alhamisi akilia." Usitaje jina. Taja tu kwamba anaimba sauti ya pili, mumewe yuko Mwanza kikazi, na ana mtoto mwenye pumu. Umemlinda. Yaliyobaki ni kazi ya Roho, na ya wanakwaya.

Nikigusa akina mama nisikimbie. Mgao wa kazi unajulikana: mama atoe ushuhuda, baba atoe tafsiri. Mama asimulie mume mlevi, mtoto aliyelazwa, ada iliyopatikana asubuhi ya kufukuzwa shule. Alie, wanaume watikise vichwa. Kisha mzee wa kanisa asimame aeleze maana yake ni nini. Mgao huu ulivurugwa mwaka 1989 mjini Accra, wakati Mercy Amba Oduyoye wa Ghana na wenzake walipoanzisha ushirika wa wanatheolojia wanawake wa Afrika. Wanawake hao walisema kwamba kusimulia yaliyowapata ni theolojia tayari, wala haingoji mwanamume aje kuifungia kamba. Musa Dube wa Botswana, mmoja wao, amelisimulia upya lile tukio la mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, safari hii mwanamke akiwa Afrika yenyewe, na matabibu waliommalizia mali wakiwa wale tunaowajua. Ukiruhusu mama mmoja katika kanisa lako asimulie hivyo, mzee wa kanisa atafanya nini Jumapili?

Mwisho wa hadithi usiuache wazi kamwe. Biblia yenyewe ina uzembe mwingi hapa. Kitabu cha Yona kinaishia kwenye swali la Mungu kuhusu Ninawi, watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi, na hatuambiwi Yona alijibu nini. Katika Luka 15 baba amesimama nje anamsihi mtoto mkubwa, ngoma inasikika ndani, na hadithi inakatika hapo. Hatujui kama aliingia. Marko kazidi. Katika nakala mbili za zamani sana, zile za karne ya nne zinazoitwa ya Vatikano na ya Sinai, Injili yake inakomea 16:8, wanawake wamekimbia kutoka kaburini, wamejaa hofu, hawakumwambia mtu neno. Wanakili wa baadaye hawakustahimili. Mikononi mwao zikaongezeka aya kumi na mbili zenye matokeo, maagizo na ishara, na hao ndio ninaowahesabu kuwa waasisi wa mwongozo huu. Fuata nyayo zao. Mtoto mkubwa aliingia, akaomba radhi, akapata gari.

Jumuiyani kazi ni ngumu kidogo, kwa sababu kuna watu walishafanya hila ya kuwafanya waumini watafakari wenyewe. Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini ilieneza utaratibu wa hatua saba za kushirikishana Injili, na Jumuiya Ndogo Ndogo nyingi za Afrika Mashariki zikaupokea, hasa baada ya maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu kuamua katika miaka ya 1970 kwamba jumuiya ziwe kipaumbele. Somo linasomwa, watu wanachagua neno au kifungu kilichowagusa na kukitamka polepole, kisha wanakaa kimya, na kimya hicho ni hatua kamili, ya nne. Baadaye kila mmoja anasema amesikia nini, bila mahubiri wala mabishano, halafu wanaamua watafanya nini. Mfagiaji na mwalimu mkuu wana haki sawa ya kusikia kitu.

Dawa yake ni mwenyekiti hodari. Kimya kikifika, akohoe, aulize kama wale wa mchango wa harusi ya Jumamosi wamekamilisha. Kama hiyo haitoshi, asome barua kutoka parokiani. Mama wa genge akisema kwamba lile neno la "mkate wetu wa kila siku" limemfanya amkumbuke mpangaji mwenzake anayelala njaa upande wa pili wa ukuta, mwenyekiti aseme haraka, "Asante mama, kwa hiyo tunafundishwa kusali Baba Yetu. Mwingine?" Utaona jumuiya inavyomaliza mapema, tena kwa amani. Hatua ya sita, ile ya kuamua la kufanya, itajifuta yenyewe. Na mpangaji yule, bila shaka, atapata mwingine wa kumwona.

Wodini kuna somo fupi. Mchungaji Anton Boisen wa Marekani alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili mwaka 1920. Alipopona akawa kasisi wa wagonjwa huko Worcester, Massachusetts, na mwaka 1925 akaanza kuwaleta wanafunzi wa theolojia hospitalini ili wawasome wagonjwa kwa bidii ileile wanayosomea vitabu. Mafunzo hayo baadaye yakaongeza zoezi la kuogofya: ukitoka kwa mgonjwa unaandika neno kwa neno alichosema yeye na ulichosema wewe, kisha wenzako wanakisoma mbele yako. Ndipo mtu anapogundua kwamba mgonjwa alisema, "Naogopa usiku," na yeye akamjibu kwa kumweleza upasuaji wa shemeji yake. Usiandike chochote. Ukifika kitandani anza na "hata mimi mwaka juzi ilinishika hivyo hivyo, tena yangu ilikuwa kubwa," malizia na tai, soma saa. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno, na mimi siku zote nawaza ni vipindi vingapi vya maombezi wangekuwa wamemaliza.

Kitu cha mwisho ni yule atakayekufuata nje baada ya ibada. Huwa yupo. Kijana, au yule mama mwenye Biblia iliyoshonwa. Ataanza kwa heshima, "Shikamoo mtumishi, nimebarikiwa sana na ushuhuda," kisha atauliza kitu kidogo tu: yule mke uliyekuwa ukimpiga wakati wa pombe, je, uliwahi kumwuliza yeye angesimulia vipi? Usijibu. Mshike mkono kwa mikono miwili, mwambie tutaliombea, uliza jina lake na mtaa anaokaa. Akiuliza la pili, geuka umwite mpiga kinanda.